Fainipo, Mjenzi wa Ukuta wa Ngome ya Pelamo

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi wazee wa baraza mliojitahidi kushuka kutoka huko juu, mimi ni Eufemo, mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Fainipo, mwana wa Damofoni, alizaliwa mwaka ambao Aristonimo alikuwa hakimu mkuu, mwezi wa kuvuna zeituni, katika mtaa wa waashi wa mji huu wa Pelamo, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza kupona. Alisoma kwa mwalimu Sosia majira mawili ya baridi, akajua kuandika jina lake na kubishana na mwalimu, ndipo baba yake akamtoa akampa nyundo.

Kazi yake mnaijua nyote, maana mmejificha nyuma yake. Mwaka wa hakimu Theoro, mpiga mbiu alipotangaza sokoni kwamba mwamba ulio juu ya mji utazungushiwa ukuta, ili siku ya vita kila mtu wa Pelamo apate pa kukimbilia, Fainipo alikuwa wa kwanza kupanda, akachonga na kupanga mawe yale kwa ustadi hata ukucha haukupata pa kupenya, akijisifu kwamba hapo hata mjusi angeshindwa.

Mwaka wa hakimu Nikandro alimwoa Klitagora, binti wa mfinyanzi, wakajaliwa mabinti wawili, Filina, huyu aliyekaa mbele yenu, na mdogo wake Aristi.

Mwaka wa hakimu Polidoro, shayiri ikiwa bado shambani, majirani zetu wa ng'ambo ya mto walitushambulia. Marehemu alikuwa tayari juu Ngomeni akitengeneza ukingo wa ukuta, na Filina amempelekea chakula, lakini Klitagora na Aristi walipofika pamoja na watu wa mitaa ya chini, walikuta lango limefungwa kwa amri ya Polidoro, eti maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye birika la ndani hayatoshi, ingawa nyumbu na mbuzi wake mwenyewe walikuwa ndani wanakunywa. Marehemu alimwangukia, akamshika magoti, akasema, "Mheshimiwa, nifungulie, mke wangu yuko chini na mtoto."

Akajibiwa, "Fundi, nikimfungulia wako, itabidi niwafungulie wote."

"Si ndivyo mlivyotutangazia? Wote?"

Walinzi wakacheka, na mmoja akamwambia, "Mwambie mkeo apande basi, si wewe uliyeujenga!"

Klitagora alijaribu kweli kupanda, mtoto mgongoni, na mumewe akimwangalia kutoka juu, lakini hakupata pa kushika. Adui aliwachukua wote wawili kwa barabara ya bandari wakauzwe, na mpaka leo hatujapata habari zao.

Vita vilipokwisha, baraza lilimvisha marehemu taji la majani ya mzeituni kwa uimara wa ukuta, naye akalivua palepale akamlisha mbuzi wa Polidoro, na ndiyo maana baadhi yenu mliacha kumsalimia. Hakupanda tena Ngomeni, hata kwa sikukuu ya mungu wetu wa kike.

Vumbi la mawe lilimkaa kifuani, akaanza kukohoa damu mwaka jana wakati wa kukamua zabibu, na juzi alfajiri, akiwa mikononi mwa Filina, alikata roho.

Tunamshukuru tabibu Heraklida aliyekuja kila alipoitwa, majirani waliotuletea kuni na supu ya dengu, na waashi wenzake waliomchimbia kaburi kwenye ardhi ngumu kama hii. Tunamshukuru pia mzee Polidoro kwa sanda aliyotuma, ila tumemrudishia.

Baraza lilitupa eneo la heshima chini ya lango la Ngome, tukalikataa. Tunamzika kando ya barabara ya bandari, kama alivyoagiza mwenyewe, ili Klitagora na Aristi wakirudi siku moja, wamkute yeye kabla ya kuliona lango.

Lala salama, Fainipo.