Fundi Tsuma na Kitufe cha Usikate

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Bwana Tsuma Nyale, fundi mkuu wa mitambo wa Redio Mkoma, Malindi, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Ofisi imeniomba mimi, Damaris Mumbua wa kitengo cha matangazo ya biashara, niandike wasifu wake, na uwe mfupi. La kwanza nimelikubali. La pili tutaona.

Tuanze na yaliyomo kwenye faili lake. Aliajiriwa mwaka 2004, akitokea Adu, akiwa na cheti cha umeme na mkoba wa bisibisi. Mlingoti wetu ameupanda mara nyingi kuliko mafundi wengine wote tukiwajumlisha. Mwaka mmoja nyuki walihamia ndani ya kasha la mtambo wa kurushia. Wengine tulikimbilia barabarani. Yeye aliwafukiza taratibu kama anayewabembeleza, na jioni kila meza ikapata asali. Redio ilizimika saa mbili nzima. Nilipoteza matangazo mawili ya saruji, nikafidiwa kijiko kimoja cha asali. Tamu ilikuwa, siwezi kukataa, lakini hesabu ni hesabu.

Sasa yasiyomo kwenye faili, na ndiyo makubwa zaidi.

Mwaka 2013 kituo kiliacha kaseti kikaingia kwenye kompyuta. Programu tuliyofunga inaitwa Galena. Hupanga nyimbo, vipindi na matangazo, ikayarusha kwa saa yake. Galena ni programu huria. Maana yake msimbo wake, yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi mtandaoni: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha, na kupeleka marekebisho yake kwa walezi wa mradi. Wakiyakubali, yanamfikia kila anayeitumia, awe hapa au ng'ambo. Ofisi yetu iliipenda kwa neno moja tu: bure. Neno hilo nitalirudia.

Galena ya wakati huo ilikuwa na tabia moja. Saa ikifika, inakata. Taarifa ya habari ni saa saba kamili, basi saa saba kamili chochote kilichoko hewani kinanyamazishwa katikati ya neno.

Mimi ni mtu wa Mwingi, na ilinichukua muda kuelewa jinsi tangazo la kifo linavyosikilizwa huku. Si habari ya aliyekufa tu. Ni mwito kwa walio hai, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji. Aliyetajwa ameitwa. Asiyetajwa ana haki ya kukaa kwake na kununa maisha yake yote. Mwaka 2015 mama mkwe wa Fundi alifariki. Tangazo likaanza kusomwa saa saba kasoro dakika tatu, habari ziwafikie huyu wa Marafa, na yule wa Garashi, na wale wa Mambrui. Jina la mwisho lilikuwa la Kitsao wa Watamu, mdogo wa marehemu, mtunza bustani katika hoteli moja, mtu asiye na simu wakati huo. Lilipofikiwa, ngoma ya taarifa ya habari ikalia. Kitsao hakusikia jina lake. Dada yake akazikwa yeye akimwagilia maua.

Kule matangani Fundi alipokelewa na shangazi wa mkewe, mbele ya watu wote: "Mkwe, hiyo redio si wewe ndiye unayeishika? Angekuwa mamako mzazi, ungemkatiza?" Akatozwa mbuzi. Alimtoa bila kubisha, akarudi kazini, akajifungia chumba cha mitambo.

Miezi minane hatukujua anachofanya humo. Mimi nilidhani anacheza kamari. Kumbe alikuwa akisoma msimbo wa Galena, mstari kwa mstari, mtu ambaye hakuwahi kuandika programu hata ya kujumlisha mbili na mbili.

Mchango wake wa kwanza ulikuwa balaa. Alikuwa ameiambia Galena isikate tangazo la kifo mpaka faili liishe, basi. Akaujaribu hapa kwetu kabla ya kuupeleka kwa walezi. Siku hiyo mtangazaji wetu Kadzo alirekodi tangazo, akasahau kuzima kinasa, akaenda dirishani kununua chakula. Malindi nzima ikamsikia, baada ya majina ya wafiwa: "Viazi vitano hamsini? Mwanangu, wewe wataka kunizika na mimi? Haya, tia sita, na ukwaju usinipimie kwa kijiko cha dawa!" Tulikaa hewani na viazi karai kwa dakika kumi na tisa. Hadi leo Kadzo akipita sokoni huulizwa kama alipata cha sita. Alipata.

Fundi hakufa moyo. Alirudia, akapeleka, akarudishiwa, akarudia tena. Mlezi mkuu wa mradi, Mreno mmoja mkali lakini mwenye haki, alimwandikia kuuliza kwa nini tangazo lipewe haki ya kuipita taarifa ya habari. Fundi alimjibu kwa sentensi moja: taarifa ya habari itarudiwa saa kumi, maziko hayarudiwi. Hapo wakaanza kusikilizana. Wakapatana kwamba alama ya kulinda tangazo lisikatwe iwekwe na mtu kwa mkono, isiwekwe na mashine. Kwamba sauti ikinyamaza, tangazo lihesabiwe limekwisha. Na kwamba hata iweje, lisipite saa yake kwa zaidi ya dakika nne. Mwaka 2017 mchango ukakubaliwa. Kitufe chenyewe kinaitwa Usikate, na walezi waliliacha jina hilo kama lilivyo. Leo limo katika kila kompyuta yenye Galena, hata mbele ya watu wasiojua neno jingine la Kiswahili.

Wenzangu mtashangaa nikisema kwamba hakuna aliyekipiga vita kitufe hicho kuliko mimi. Nilianza kazi hii kwa miguu, nikiuza matangazo duka kwa duka, na kila sekunde ya redio hii naijua bei yake. Usikate ilikuwa inanila sekunde sabini kwa siku, siku sita kwa wiki. Nilizijumlisha za mwaka mzima, zikapita saa sita, nikazibandika mlangoni pake. Alisoma, akatoka na miwani kichwani. "Dada Mumbua," akaniambia, "hesabu yako haina kosa. Sasa nisaidie: nimtoe shangazi au nimtoe mjomba?"

Nikarudi mezani kwangu. Nikaendelea kuhesabu. Mwaka uliofuata nikagundua kwamba nafasi ya tangazo inayofuata tu baada ya majina ya wafiwa ndiyo inayogombewa kuliko zote, kwa sababu wakati huo hakuna anayethubutu kuzima redio. Wa hoteli za Bofa wanaitaka, wa mabati wanaitaka. Nilipompelekea hesabu hiyo alicheka mpaka akakohoa.

Sasa lile neno, bure. Mara tatu Fundi aliomba kazi yake ya msimbo iandikwe kwenye majukumu yake. Mara tatu akajibiwa kwamba programu ni ya bure, hivyo haina bajeti. Programu ni bure; macho ya Tsuma Nyale hayakuwa bure. Ameandika marekebisho arobaini na saba yaliyokubaliwa, na anastaafu akiwa fundi mkuu wa mitambo, kana kwamba kazi yake ilikuwa mlingoti peke yake. Zawadi mtakayoiona leo mezani ni saa ya ukutani. Kumpa saa mtu aliyetumia miaka kumi kuizuia saa isitukate! Sikuwa kwenye kamati.

Na hili ndilo linaloninyima utulivu tangu Novemba. Galena inatoa toleo jipya mwezi Machi, na sehemu yote ya saa inaandikwa upya. Walezi wametangaza kwamba kipande chochote cha msimbo kisicho na mlezi kitaondolewa. Ubavuni mwa Usikate kuna jina moja tu, la mtu ambaye kuanzia Jumatatu atakuwa shambani Adu, na ambaye daktari amemwambia apumzishe macho. Niliuliza ofisi nani atachukua. Wakasema wataliangalia. Mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne. "Tutaliangalia" naujua uzito wake.

Kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Jumamosi saba nimekaa chumba cha mitambo, nikifundishwa na Fundi kama mtoto wa chekechea, yeye akidhani nataka tu kuelewa. Alinambia nina kichwa cha msimbo kwa sababu siamini kitu mpaka nikijumlishe. Mwezi uliopita nilipeleka mchango wangu wa kwanza, mistari kumi na mmoja. Mreno akaurudisha na maswali manne. Nikayajibu. Akaurudisha na mawili. Jumanne wiki hii umekubaliwa, na jina langu limewekwa chini ya la Fundi, kwa majaribio, mpaka Machi. Hajui. Anasikia sasa hivi, pamoja nanyi.

Sijatulia bado. Matangazo mawili yenye Usikate yakifuatana, la pili huliparamia la kwanza, na sijajua kwa nini. Bwana Tsuma, nasikia kule kwenu mtandao unapatikana ukipanda kilima cha nyuma ya shule. Pumzisha macho, lakini simu usiizime.

Wasifu huu umechapishwa kwenye ratiba mliyoishika, na Kadzo ameurekodi uende hewani saa saba kasoro dakika kumi. Safari hii kinasa alikizima. Nimeupima: utaipita saa saba kwa dakika mbili. Alama ya Usikate nimeiweka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Taarifa ya habari itangoja.

Asante, Fundi, kwa asali, kwa mlingoti, na kwa kila jina lililosomwa likaisha. Nenda kalime salama, na mvua ikukute umekwisha panda. Habari hizi, ambazo ni za furaha, Bi Mbeyu usishtuke, zimfikie mkewe Mbeyu aliyeko Adu. Ziwafikie watoto wake Nelly na Pola. Zimfikie shangazi wa Mbeyu, yule wa mbuzi. Na zimfikie mjomba Kitsao wa Watamu, popote alipo.