Mama Georgette na Namba Iliyojulikana Kambi Nzima

Wasikilizaji wapendwa, leo kiti kimoja ni kitupu hapa Likasi. Mama Georgette Kapinga ametutoka. Ndiye aliyefundisha watu kutumia ordinateri, yaani kompyuta, katika magazini, ghala la vifaa la kiwanda, mwaka 1985. Mwaka 1985, wasikilizaji, wengi wetu tulikuwa hatujaigusa hata kwa kidole.

Kila mfanyakazi alitakiwa kuchagua neno la siri. Mama Georgette aliona wazee wanatoka jasho mbele ya mashine, akawahurumia. Akawaambia wachague kitu wasichoweza kusahau. Haya basi! Wote, bila kuulizana, wakaandika matrikile, namba ya kazi ya mtu. Na matrikile ndiyo iliyoitwa kwa sauti kila siku ya mposho, watu wakipanga foleni ya unga. Mke anaijua, jirani hapo kambi ya wafanyakazi anaijua. Siri gani hiyo?

Siku moja mota ya pampu ikapotea magazini. Mashine ikaonyesha imetolewa kwa neno la siri la Octave, mtunza magazini. Octave aliapa hakuigusa. Wakubwa wakatamka neno sabotaji, yaani hujuma. Mliokuwa watu wazima nyakati zile mnajua: mtu akiitwa hivyo, hata salamu anakosa. Akawekwa ndani.

Mama Georgette alijua kosa lilianzia wapi. Lakini alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya kiwanda. Aliogopa sana. Binti yake Rosalie anakumbuka maneno yake asubuhi ile: "Kama nanyamaza, ule muntu atapotea juu ya kosa yangu."

Akaenda kwa direkteri, mkuu wa kiwanda. Mbele yake akaandika matrikile za wafanyakazi kumi na mmoja, moja baada ya nyingine, bila kumuuliza mtu. Mashine ikafunguka mara kumi na moja.

Octave akaachiliwa. Mwizi hakujulikana. Mama Georgette akafukuzwa kwa ushauri wake ule, akapoteza kazi na nyumba mwezi uleule. Tangu hapo aliuza makala, mkaa wa kupikia, sokoni, na hatukumsikia akinung'unika.

Jana, kwenye kilio, Baba Octave, yule mtunza magazini mwenyewe, alisimama. Ametuomba tuyaseme haya redioni. "Minye nilimuona anatosha vintu vyake mu nyumba," alisema, akikumbuka siku Mama Georgette alipohamisha vitu vyake. "Sikuenda kumusaidia. Nilikuwa naogopa bantu bataniona naye."

Pole, Rosalie. Pole kwa familia yote. Mungu awashike mkono. Na wewe msikilizaji, kama kuna mtu alikusemea siku uliyokuwa peke yako, na bado yuko hai, nenda kwake leo. Baba Octave alikaa mtaa wa pili kutoka kwake miaka yote hiyo, na asante yake ameitoa jana, mbele ya jeneza.