Dada Mkanda na Mlango Uliokuwa Wazi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Sisi wadogo zake watatu tulimwita Dada. Kazini aliitwa Dada Mkanda.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1992, kisha akapata stashahada ya hoteli na utalii. Mwaka 1998 aliajiriwa kuwa mhudumu wa ndege, kazi aliyoifanya miaka ishirini na saba na kuileta mpaka nyumbani. Watoto wakigombana mezani, alitangaza kwa ile sauti yake ya angani: "Tunapita kwenye mawingu mazito. Kila mtu akae, afunge mkanda." Nao walikaa.

Tarehe 21 Aprili 2001 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza feni ya mama, akarudi mara tatu kwa feni ileile. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kwa wasioijua kazi yake: saa za mhudumu zilianza kuhesabiwa mlango wa ndege ulipofungwa. Kupokea abiria, kunyanyua mizigo yao, kumbembeleza mtoto anayelia, vyote vilifanyika mlango ukiwa wazi, kwa hiyo kwa mwajiri havikuwa kazi. Mwaka 2024 wenzake walimchagua katibu wa chama chao cha wafanyakazi kwenye mazungumzo ya mkataba mpya, na kifungu hicho ndicho alichokwenda kukiondoa. Miezi kumi na tisa, vikao kumi na vinne. Uongozi wa shirika la ndege ulikunywa chai, ukasema utawasiliana, ukaondoka.

Katika kikao cha saba aliuacha mlango wa ukumbi wazi, akakaa, kalamu akailaza mezani.

"Katibu, tuanze basi, muda unakwenda," alisema mkurugenzi wa utumishi.

"Muda gani, bosi? Mlango bado uko wazi. Hapa hakuna aliye kazini."

Wenzake waliangua kicheko. Mkurugenzi aliinuka, akaufunga mwenyewe, ila akiwa upande wa nje.

Januari mwaka huu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Daktari alimwandikia apunguziwe safari. Aliomba kazi za ofisini kwa barua mbili. Hakuna iliyojibiwa.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa mbili kasorobo asubuhi, alianguka katikati ya ndege akiwa ameshika begi la abiria. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Siku tatu baadaye shemeji yetu alipokea barua ya shirika. Aya ya kwanza ilitoa pole. Ya pili ilisema kifo kilitokea "kabla ya muda wa kazi kuanza", hivyo si kifo cha kazini. Mlango ulikuwa bado haujafungwa. Aliyesaini ni mkurugenzi yuleyule.

Dada alikuwa na sare mwilini na beji kifuani. Abiria sitini na mmoja walikuwa wameshaketi, na kila mmoja alikuwa amepokelewa naye. Binti yake aliisoma barua hiyo mara mbili, akamuuliza mmoja wetu: "Sasa mama mdogo, mama alikuwa pale kama nani? Mpita njia?"

Familia imeirudisha barua. Viongozi wa shirika, ambao shada lao tumeliona, wajue kwamba hatutapokea nyingine mpaka aya ya pili iandikwe upya. Kikao cha kumi na tano ni Jumatatu ijayo. Wenzake wataingia na sare, wakae, na mlango watauacha wazi.

Marehemu ameacha mama, mume, binti, mtoto wa kiume, wadogo watatu, na wahudumu mia mbili na kumi wasio na mkataba mpya.

Dada yetu alifia kazini. Zamu yake imekwisha. Apumzike kwa amani.