Viatu vya Binti wa Majira

Kisa hiki alikisimulia kwanza Majira mwenyewe, fundi saa, siku tulipomzika Kinyozi. Kilianza Jumatatu moja asubuhi, kwenye benchi la mbele ya saluni, kahawa ikiwa moto na yeye hana hamu nayo. Jana yake alikuwa amempelekea bintiye viatu chuoni. Binti alikuwa kwenye mpango wa kuwapa wanafunzi vibarua vya saa chache wajilipie ada. Benchi zima liliambiwa na Majira kwamba binti yuko maktaba, kumbe anaosha sahani bwaloni. Jumapili hiyo binti alitoka jikoni na aproni imelowa chapachapa, akaita, "Baba." Pembeni walisimama wazazi wengine ndani ya suti zao. Majira akamkabidhi furushi. "Dada, nifikishie hivi kwa mwanangu." Binti akamtazama, kisha akasema, "Vitamfikia, mzee."

— Vibarua vya wanafunzi ni janja tu, alisema Breki, dereva mstaafu. Wanachoshwa ili wasigome.

— Wapi. Wanapimwa hao, akadakia Kinyozi, mwenye saluni, aliyekwisha kuwaachia vijana mkasi. Ukivunja sahani tatu, shahada huna.

— Shahada yenyewe siku hizi inaandikwa kwa sabuni. Mvua moja tu, elimu imekwenda.

— Wahenga walishasema, mchumia juani hulia kivulini. Sasa jikoni hakuna jua. Mtoto wa watu atakula wapi?

— Bora wa Majira, yeye na vitabu, vitabu na yeye. Au siyo, fundi?

— Mm, alisema Majira, na kahawa ikampalia.

Baba mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa, akasogea.

— Wangu yumo humohumo, anadeki mabweni. Nikienda hunipokea mlangoni, dekio mkononi. Namkamulia, tunapiga soga. Wako, kaka, ukienda anakupokeaje?

Breki na Kinyozi wakamgeukia Majira, maana swali lilikuwa lake. Alijifuta kahawa shatini, akaendelea kufuta hata palipokwisha kukauka. Mgeni akaona haya kwa niaba yake, akaingia ndani kunyolewa.

Kinyozi ndiye huyo tuliyemzika. Breki alimfuata mwaka uliofuata. Majira yu hai, na bintiye yu hai, wanakaa nyumba moja. Waombolezaji wote wamekisikia kisa kutoka kinywani mwake. Binti bado.