Peniel Alute Ntandu na Majina Matatu ya Filamu Yake

Tunamshukuru Mungu kwa kutupa kaka yetu, Peniel Alute Ntandu. Alizaliwa Ilongero tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa Mzee Alute na Mama Sikudhani.

Alimaliza darasa la saba hapo hapo Ilongero mwaka 1989. Sekondari hakwenda, kwani baba aliugua na ng'ombe walihitaji mtu.

Mwaka 1998 alifungua kibanda cha video mtaa wa Utemini, mjini. Alipenda filamu za zamani za Marekani, zile zisizo na rangi, na hakufungua mlango mpaka majina yote ya waliozitengeneza yapite. Watu walinung'unika. Rafiki yake Clement alishikilia kwamba filamu ni ya mwongozaji, basi. Marehemu akamuuliza, “Na aliyeandika maneno alikuwa amelala?”

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Happiness, wakajaliwa Gerald na Sara.

Mwaka 2016 yeye na Clement walitoa filamu yao, Alizeti ya Mkwe. Marehemu alitunga hadithi, Clement akaongoza, dada yake Eliza akakata na kuunga picha. Jalada la filamu likaja na jina la Clement peke yake. Marehemu aliumia sana. Clement alijitetea kwamba shamba hata likilimwa na kijiji kizima huitwa la mwenye nyumba.

“Kweli,” marehemu alimjibu, “lakini waliolima hunywa togwa mbele ya watu. Hawafichwi.”

Hawakusalimiana tena kwa miaka, nasi tuliogopa kwamba kifo kitawakuta hivyo.

Mwaka jana figo zilimzidi, akalazwa hospitali ya Kiomboi. Clement alipanda basi akamletea jalada jipya lenye jina la Peniel tu. Tulidhani atafurahi. Akamrudishia.

“Bwana Clement, sasa umejifuta wewe. Na Eliza je?”

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Jalada la majina matatu lilimfikia Ijumaa. Alilisoma kwa sauti, akaomba lisimamishwe mahali anapoliona. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa hana kinyongo na mtu.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, dada zake Dorika na Eliza, aliyekata picha zile, na Clement, ambaye tangu siku ile tunamhesabu ndugu.

Mungu, asiyesahau kazi ya mkono wowote, ampe kaka yetu pumziko la amani.