Mwalimu Aliyevua Glavu

Mpendwa wetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Vidole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji. Kaka yake alizaliwa kiziwi. Hivyo marehemu alijua kusema kwa mikono kabla ulimi wake haujakaa sawa. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika shule ya viziwi, alikofundisha hadi kustaafu kwake mwaka 2021. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na karani wa posta, aliyependa kumtania kwamba hata akinuna, mikono yake hupiga domo.

Mwaka 2003 alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Mkewe hakuwa navyo. Mwenyewe aliagiza jambo hili litamkwe leo bila kufunikwa. Vipele vya kuwasha vilimjaa mikononi. Alijikuna hadi damu, akapaka krimu za kuokoteza sokoni, vikazidi. Ndipo akaanza kuingia darasani na glavu nyeupe.

Binti mmoja, aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa mikono yake haikujua kunyamaza, alimwambia kwa ishara, "Mwalimu, mbona unanong'ona? Paza sauti!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

Hospitalini alipewa dawa za virusi, sabuni isiyo na manukato, na mafuta mazito ya kupaka mara tu atokapo kuoga. Alipotokwa na upele mpya baada ya kuanza dawa, alitaka kuzitupa.

"Baba, dawa haziachwi kwa hasira," mkewe alimwambia. "Inuka, twende."

Daktari alimkagua macho na kinywa, akaona si ule upele wa hatari ambao dawa hizo huweza kuuleta, akamwamuru aendelee.

Wakati huo wazazi wa wanafunzi walikwisha kuitisha kikao, wakitaka aondolewe. "Mkono wenyewe anauficha," alisema baba mmoja, "sisi tumwamini na watoto?"

Marehemu alisimama. Alivua glavu kidole kwa kidole, magamba na vidonda vikaonekana. Akasema kwa kinywa na kwa mikono pamoja, "Nina virusi vya UKIMWI. Vipele hivi havimwambukizi anayenigusa."

Kiti kikaburutwa nyuma. Mama yake Redio, aliyekuja naye kikaoni, alimshika mwanawe bega, lakini mikono ya mtoto ilikuwa imekwisha kuruka: "Sasa unasikika! Jana ulitupa kazi gani? Hatukuelewa hata neno moja."

Wazazi watatu waliwahamisha watoto wao. Mmoja tu alimrudisha wake. Vipele navyo vilipungua, vikarudi, vikapungua tena. Glavu hazikurudi.

Tarehe 2 Juni 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala. Alisema kwa wa kushoto hadi alfajiri ya tarehe 14, alipotutoka. Siku zote hizo mkewe alimpaka mafuta mikono yote miwili, hata ule uliokwisha kunyamaza.

Ameacha mjane, kaka yake, watoto wawili na wajukuu wanne. Wasifu huu unasomwa kwa sauti na mpwa wake, na kwa mikono na Redio, ambaye leo ndiye mwalimu wa darasa lile lile.

Mola aliyeifinyanga mikono ile aipokee pamoja na makovu yake, na mwenyewe apumzike kwa amani.