Mungu Iko

Je, mama yangu alijua?

Ndugu zangu, amani ya Mungu iwe nanyi nyote. Mtaniwia radhi kwa kuanza na swali badala ya sifa, na mtaniwia radhi zaidi kwa kuiacha salamu ile ambayo kila ushuhuda huanza nayo. Kwa miaka mingi niliitamka jukwaani ili watu wacheke. Niliichakaza. Nikijaliwa, nitaitamka mwishoni. Lakini swali hilo nimelibeba tangu mwaka 2013, na sidhani kama nitalitua kabla ya kaburi.

Mimi ni mwenyeji wa Lodwar. Jina langu ni Lokiru, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha. Nilisomea fasihi na sanaa za maonyesho katika chuo kikuu, nikahitimu, nikarudi nyumbani na cheti ambacho mama alikitundika ukutani juu chini, maana hakujua kusoma. Sikumwambia. Kwanza niliigiza katika kundi lililozunguka shule za sekondari na tamthilia za vitabu vya mtihani. Nilikuwa mfalme asubuhi, askari adhuhuri na marehemu alasiri, kisha nafufuka kukunja mapazia. Baadaye nikagundua kwamba mtu mmoja mwenye kipaza sauti kimoja anaweza kuchekesha ukumbi mzima bila kuvaa taji la karatasi. Nikaiacha tamthilia, nikawa mchekeshaji.

Kichekesho kilichonipa jina kilikuwa kimoja tu. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikavaa shanga shingoni, nikainamisha mabega, nikawa mwanamke mzee wa Kiturkana anayetoa ushuhuda kanisani. Mashabiki walimwita Mama Iko. Nilianza na salamu ile, nikiivuta kama mpira, kisha nikasema:

“Mimi nashukuru Mungu. Jua ilikuja, ikakula nyasi yote. Mbuzi moja ilikufa, moja ikabaki. Mungu iko!”

Ukumbi mzima ulijibu: “Iko wapi?”

“Iko Kainuk! Lori imekwama!”

Ndugu zangu, watu walianguka kwa kicheko! Kila aliyewahi kungoja lori la chakula cha msaada kutoka Kitale, linalopita Kainuk, alilielewa jibu hilo, na kila aliyesoma shule alifurahia kusikia Mungu akisemwa kama sufuria. Sisi wasomi tunajua kwamba Mungu yuko. Nyumba ndiyo iko. Nilivuna makofi Nairobi, Eldoret na Kitale kwa kosa la herufi mbili.

Mama Iko hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa mama yangu mzazi.

Nilipokuwa darasa la pili, ukame ulimaliza mifugo yetu. Dada yangu Apua, aliyezaliwa msimu wa vumbi, alikuwa bado ananyonya, na maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Mama aliomba. Apua akafariki alfajiri. Lori likafika adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Nimeyatafakari masaa hayo machache maisha yangu yote, na yalinifanya niache kuomba nilipofika chuoni. Mama aliyatafakari pia, akatoka na ushuhuda ambao aliurudia kanisani mwaka baada ya mwaka, neno kwa neno: “Mtoto moja ilikufa, moja ikabaki. Mungu iko.”

Ile moja iliyobaki ni mimi.

Kiswahili chake alikiokota sokoni, akiuza vikapu vya majani ya mkoma. Katika Kiswahili hicho, mtoto na mbuzi hufa kwa kitenzi kimoja. Kwa hiyo nilipotengeneza kichekesho changu sikulazimika kusumbuka. Nilitoa nomino moja, nikaweka nyingine.

Mwaka 2012 nilirudi Lodwar. Nairobi ilikuwa imenichoka, nami nilikuwa nimejichoka. Serikali za kaunti zilikuwa zinakuja, uchaguzi unakaribia, na kila mgombea alitaka mtu wa kuchangamsha umati kabla hajapanda jukwaani. Asubuhi nilimchekeshea mgombea huyu, alasiri mpinzani wake, na mbuzi yule yule akawafia wote wawili. Sikuwa mlevi wa kupindukia, sikuiba, sikuua. Wengi wenu mmetolewa katika mashimo marefu kuliko langu. Mimi nilikuwa nimechoka tu. Nilikuwa nikivaa kile kitambaa na kuhisi kizito kama gunia la mchanga. Watu walicheka, nami nikawatazama midomo yao ikifunguka, nikijiuliza ni lini wataifunga niende nikalale.

Mapema mwaka uliofuata niliitwa kuchekesha katika ukumbi mmoja mjini. Mama hakuwahi kuniona jukwaani. Alijua tu kwamba mwanawe “anaongea kwa mkutano”. Siku hiyo jirani yetu, aliyeona picha yangu kwenye bango, alimpandisha boda boda akamleta. Sikuwa na habari. Nilikuwa nimekwisha kutoa salamu, nimekwisha kuleta jua, nilipomwona safu ya pili, ameketi wima, mikono mapajani, kama anavyoketi kanisani. Ulimi ukaendelea peke yake.

“Mbuzi moja ilikufa…”

Mama akasimama.

“Lokiru! Si mbuzi. Ilikuwa mtoto.”

Ndugu zangu, ukumbi ulilipuka! Walidhani tumepanga. Walipiga meza, walipiga miguu chini, mwanamume mmoja alitoka nje akishikilia mbavu. Sijawahi kupata kicheko kama hicho, wala sijakipata tena. Nami, Mungu anisamehe, niliinama mbele ya umati kama mtu aliyeyapanga yote, nikamnyooshea mama mkono ili apigiwe makofi. Alipigiwa. Akaketi.

Nilimkuta nje, boda boda inamngoja. Akanishika mkono.

“Umeshuhudia muzuri,” akasema. “Ni hapo kwa mbuzi tu ulikosea.”

“Mama, ile ilikuwa…”

“Jumapili kuja useme kwa kanisa. Useme yote.”

Akapanda, akaenda zake. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na tabasamu. Tena zingatieni jambo hili: tangu nizaliwe, mama husema nami Kiturkana. Siku hiyo alinisemesha kwa Kiswahili, lugha yake ya soko na madhabahu. Je, alikuwa mzee asiyejua vichekesho ni nini, akaamini kwamba hatimaye mwanawe ameokoka na amekosea jambo dogo? Au alielewa kila kitu, akachagua kunikemea kwa njia ambayo isingeniaibisha mbele ya watu? Nimesoma tamthilia nyingi za mabingwa, na sijui mwigizaji ambaye angeweza kuuficha moyo wake namna ile.

Kesho yake majirani walinijia na pongezi. “Tumesikia umeokoka!” Mama alikuwa amewaambia wote. Nikafanya kama wafanyavyo waoga: nikatoroka. Nilipata kazi ya maonyesho katika kambi ya Kakuma, ya kuwafundisha watu kunawa mikono, nikakaa huko majuma mengi. Jumapili zikapita. Kila aliyetoka Lodwar aliniletea ujumbe mmoja: “Mama yako anauliza, utakuja kushuhudia lini?”

Kiongozi wa kundi letu huko alikuwa Majok, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza sabuni sokoni, mtu mrefu mwenye mdomo mwepesi. Jumamosi moja asubuhi tulicheza mbele ya akina mama wa kwao, mahali pa kuteka maji. Nilipaswa kuwa bibi mkaidi asiyenawa. Nilipoona hawacheki, nikakimbilia silaha yangu ya zamani: nikawa Mama Iko. Nikaleta jua, nikaleta nyasi. Mbuzi moja ilikufa, moja ikabaki.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mbele, mwenye mtungi wa plastiki miguuni, alitikisa kichwa polepole akainua vidole vitatu.

“Ya mimi, tatu,” akasema. “Moja imebaki.” Kisha akaongeza kwa Kiarabu cha Juba: “Rabuna fi.”

Wenzake wakaitikia kwa sauti ya chini, wote pamoja: “Rabuna fi.”

Nilibaki nimesimama na kitambaa changu kichwani. Onyesho likaisha bila mtu kunawa. Majok alinifuata nyuma ya kibanda.

“Bwana Lokiru, leo mbuzi yako imekufa bila kuchekwa! Pole ya msiba.”

“Yule mama alisema nini mwishoni?”

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jina langu mwenyewe.

“Rabuna fi? Si ni hiyo tu unasemaga wewe kila siku? Mungu iko.”

“Lakini mimi nilikuwa nachekesha.”

“Wewe, ndiyo. Hawa wamama hawajui hiyo kazi yako ya kuchekesha. Wamesikia mtu anashuhudia, na wao wakashuhudia.” Akakoroga sabuni ndani ya ndoo kwa mkono, kisha akauliza, maana nilikuwa nimemweleza habari za mama: “Mama yako alisema uende kanisa siku gani?”

“Jumapili.”

“Na kesho ni siku gani?”

Niliketi juu ya katoni ya sabuni, nikavua kile kitambaa, nikalia. Sikuona nuru, ndugu zangu, sikusikia sauti. Sala yangu ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa ilikuwa neno moja: Nimechoka. Na ninawaambia kweli tupu, mzigo ulitua! Nilikumbuka kila kitu ambacho huwa kiko: mlango uko, njia iko, nyumba iko hata mwenyewe akiwa ameipa kisogo miaka mingi. Mimi nilimtafuta Mungu katika ngeli ya viumbe wanaokuja na kuondoka kama lori. Mama alimweka mahali ambapo vitu havihami.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Majok, na kwa ajili ya yule mwanamke wa vidole vitatu, ambaye sikumuuliza jina. Nawe unayesoma haya, ukiwa umechoka, umechoka hata kujieleza, usisubiri kwanza upate maneno mazuri. Mimi niliyasomea, na hayakunifaa. Mtegemee Yeye kwa hilo neno moja ulilo nalo. Linatosha.

Alasiri hiyo hiyo nilipanda gari la Lodwar. Mama alikuwa mlangoni akisuka kikapu. “Ejok, Lokiru,” akanisalimu kwa Kiturkana, kama mtu niliyetengana naye asubuhi. Akanipa chai. Hakuuliza kitu, nami sikueleza kitu. Nilimwambia tu kwamba nimekuja kwa ajili ya kesho.

Asubuhi yake kanisa lilijaa. Mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, mama alishika benchi ili ainuke kama kawaida yake. Nikamwahi. Nilisimama bila kitambaa, bila shanga, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba sina sauti nyingine ya kuitamka salamu ile isipokuwa sauti yake. Nikaitafuta yangu. Ilitoka nyembamba, imepasuka.

“Bwana asifiwe.”

“Amina,” wakaitikia.

Nikawaambia kwamba sikuwa nimeokoka siku ile ukumbini. Nilikuwa nafanya mzaha. Nikawaambia kwamba sijawahi kufiwa na mbuzi. “Mtoto mmoja alikufa,” nikasema. “Jina lake Apua. Mmoja akabaki, akamgeuza dada yake kuwa kichekesho. Mungu iko.”

Kisha mtu mmoja aliyesimama katika kwaya, kwa mazoea tu, maana wote walikuwa wamenisikia kwenye kampeni, akaropoka:

“Iko wapi?”

Akajiziba mdomo. Mama hakuinuka. Aligeuza shingo taratibu, akamtazama, akangoja, akangoja kwa kipimo kile ambacho mimi nilihitaji miaka kumi jukwaani kujifunza, kisha akasema:

“Iko hapa. Wewe kaa chini.”

Kanisa zima likacheka, na mama akacheka, na mimi, nikiwa bado nimesimama mbele yao na machozi usoni, nikacheka pamoja nao.